Shajara ya frampeni: samaki na mchuzi wa malai, Pasua, Moshi

Jumamosi, 5 Julai

Daftari hili linaanza na bili. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji, na baada ya misa wenye uwezo wakahamia hoteli moja hapa mjini. Nasi tukajitia uwezo. Mke wangu akaagiza samaki wa frampeni aliyewekewa mchuzi mweupe wa krimu, akanionjesha vijiko viwili. Ngozi ya yule samaki ilikuwa inalia mdomoni kama kaukau, nyama chini yake laini, mchuzi mzito na ndimu kwa mbali. Sahani moja tu ilimeza pesa ya kupiga rangi bampa nzima. Binti yetu wa darasa la sita akauliza mbele ya mhudumu, "Baba, hiki si samaki na maziwa tu?"

Basi nitakipika. Mimi ni fundi rangi wa magari, na kila gari linalopita mikononi mwangu naliandikia: rangi namba ngapi, makoti mangapi, limekaushwa muda gani. Samaki naye ataandikwa hivyo hivyo. Mwisho wa mradi ni Nane Nane, kwa sababu siku hiyo mama atakuwa anarudi kutoka kwenye maonyesho ya Themi, Arusha, yeye na wenzake wa kikundi cha wafugaji, na atalala kwetu kabla ya kupanda kwake Kibosho, mlimani. Mama hali samaki. Kule juu alikokulia, samaki alihesabiwa ukoo mmoja na nyoka, na mpaka leo akiona dagaa wameanikwa anavuka barabara. Kwa maziwa, hata hivyo, humwambii kitu.

Jaribio la kwanza nimelifanya leo mchana. Kwenye soko la Mbuyuni nilipata perege wawili wa Nyumba ya Mungu, lile bwawa la kusini mwa Moshi linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu. Nilipomwomba mama muuzaji anitolee minofu, alicheka. "Kaka, perege wa kiganja hivi nikimtoa mnofu utabaki na nini?" Nikatoa mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na nusu ya nyama ikabaki kwenye mifupa. Hiyo mifupa na vichwa nimevitia kwenye friza. Sikujua vitanifaa nini, ila niliona aibu kuvitupa.

Minofu nikaiosha kwa ndimu na chumvi, nikaitia kwenye frampeni yetu ya nonstiki iliyochubuka, mafuta ya alizeti, moto wa kati. Haikukaangika, ilichemka. Maji yalitoka, mafuta yakaanza kuruka, ngozi ikashika chini, na nilipogeuza niligeuza nyama peke yake. Mchuzi: maziwa ya pakiti nusu lita, kitunguu, swaumu, na ndimu nzima niliyoikamulia juu wakati maziwa yanachemka. Yakakatika papo hapo, maji ya kijanikijani upande huu, madonge upande ule. Tulikula na ugali, kimyakimya. Mke wangu alisema neno moja tu, "Endelea," na mpaka sasa sijui alimaanisha nini.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Gereji imefungwa. Baridi imekaza, na mlima hatujauona tangu Ijumaa. Nimekaa na chai nikiwaza wale perege, na jibu limenijia kutoka kazini.

Rangi haishiki kwenye bodi yenye unyevu. Gari unaliosha, unalifuta, unalipuliza kwa kompresa mpaka kwenye mikunjo ya milango, ndipo unashika bunduki ya rangi. Mimi ninayemfokea kijana wangu kila siku kwa tone moja la maji, ndiye niliyetia samaki anayechuruzika kwenye mafuta! Maji yakishafika kuchemka hayapandi joto tena mpaka yaishe, na hapa kwetu hata nyuzi 100 hayafiki, maana tuko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Ule ukahawia wenye harufu ya kuita watu unataka nyuzi 140 kwenda juu. Kwa hiyo ngozi ikiwa na maji, moto wote unaishia kwenye kuyakausha, na samaki anaiva kwa mvuke wake mwenyewe.

Halafu frampeni. Lile bati jembamba likipokea samaki wa kutoka friji linapoa saa hiyo hiyo. Na nonstiki haifai kuwekwa kwenye moto mkali ikiwa tupu, utando wake unaungua na kutoa moshi mbaya. Ninataka chuma kizito.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekipata, kwa muuza vyombo vya mtumba karibu na soko la Memorial. Frampeni ya chuma cha kusubu, inchi 10, nzito kama diski ya breki, imekula kutu mpaka kwenye mpini. Alianza na 25,000, mimi nikaanza na 12,000, tukaachana kwenye 18,000. Aliponiona natabasamu nadhani alijua amepunjwa. Kutu ndiyo inayonilisha.

Nilianza na msasa namba 80, nikamalizia na 180, mpaka chuma kikawa kijivu safi. Msasa mpya, jamani. Kijana wangu alinipa ule uliokwisha kusaga rangi za magari, nikamrudishia na maneno juu. Nikaosha kwa sabuni, nikaiweka kwenye jiko la mkaa uani mpaka ikauke kabisa. Kisha mafuta ya alizeti kidogo, unapaka ndani na nje, halafu unayafuta yote kwa kitambaa kikavu kana kwamba umejuta kuyapaka. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kinachotakiwa kubaki ni ukungu wa mafuta, basi. Moto mkali mpaka ifuke moshi, ifuke, iache. Ikipoa kidogo, koti la pili.

Mafuta ya namna hii yakipakwa membamba, yakapata joto na hewa, hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanashikamana yenyewe kwa yenyewe na kuwa ngozi ngumu juu ya chuma. Ni habari ileile ya mafuta ya kitani kwenye rangi za mafuta za zamani. Na ukipaka nene utavuna kile kile unachovuna kwenye bonet: inatiririka, inafanya matuta, inanata. Ninayajua haya miaka yote, lakini koti la tatu nililipaka kwa pupa, likaota madoa ya kunata kama gundi, nikalipiga msasa na kulirudia. Makoti matano kwa jumla, na jirani mmoja aliyekuja kuuliza kama nyumba inaungua.

Jioni imekaa inang'aa, nyeusi kama gari la maharusi. Mke wangu ameuliza kama itapata nafasi kabatini au kitandani.

Jumapili, 13 Julai

Perege watatu. Safari hii nilimfunua kila mmoja matamvua kabla ya kutaja bei: mekundu, macho yamejaa, ubavu ukiubonyeza unarudi. Perege wa bwawani ana kaladha ka tope, kwa hiyo ndimu na chumvi lazima, ile asidi ndiyo inayoivunja harufu. Ila baada ya kuosha nilifanya kazi ya gereji. Nikapangusa kwa kitambaa, nikanyunyiza chumvi, nikaacha dakika 20. Chumvi ikavuta maji mengine, nikapangusa tena. Halafu nikapitisha mgongo wa kisu juu ya ngozi taratibu, kama waipa kwenye kioo, na maji yaliyojificha kwenye vishimo vya magamba yakatoka. Hilo la kisu sijafundishwa na mtu, naomba liandikwe kwa jina langu.

Joto nilipima kwa tone la maji. Frampeni ikiwa bado, tone linatanda na kuchemka lilipo. Ikiiva moto, tone linageuka gololi, linakimbia huku na huko bila kulowesha chuma, kwa kuwa limebebwa na mvuke wake. Ukiyaona hayo unapangusa, unatia mafuta, unamlaza samaki ngozi chini, kuanzia upande wako kwenda mbele ili mafuta yakiruka yaruke ukutani.

Mnofu wa kwanza ulijikunja kama risiti kwenye jua. Ngozi inasinyaa upesi kuliko nyama, inavuta kingo juu. Wa pili niliukandamiza kwa mwiko mpana, sekunde 20 nikihesabu kwa sauti, ukatulia bapa. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote, kutogusa. Mkono unawasha. Ngozi inaposhika chini usihangaike kuibandua. Bado haijakauka, ikipata rangi itaachia yenyewe, unasukuma kwa kidole cha mwiko inateleza. Dakika 3 ngozi chini, sekunde 40 upande wa pili, toa.

Ililia. Binti alikula ngozi tatu kabla sijaita mtu mezani, kwa hiyo matokeo ya leo hayana mashahidi wengine. Mkiani minofu ilikauka, maana perege ni mwembamba huko. Mchuzi sikujaribu. Moshi ulikuwa mwingi, mara nyingine nifungue dirisha kabla ya kuwasha.

Jumatano, 16 Julai

Usiku kucha nimeweka lita moja ya maziwa ya pakiti kwenye bakuli ili malai, yaani krimu ya maziwa, ipande juu. Haijapanda hata ya kupaka kidole. Nimeuliza, nimeelewa: kiwandani maziwa yanasukumwa kwa presha kubwa kupita kwenye upenyo mwembamba, mafuta yanavunjika kuwa chembe ndogo mno zisizoweza kupanda. Bunduki yangu ya rangi inafanya hivyo hivyo, inachukua rangi ya majimaji inaitoa ukungu. Kuirudisha ukungu kuwa ndoo haiwezekani.

Krimu ya dukani ipo, kwenye duka la wenye magari. Lakini kipakiti kile bei yake ingenirudisha kule kwenye bili.

Jumamosi, 19 Julai

Yupo kijana wa bodaboda anayeshusha maziwa kutoka Kibosho kila alfajiri. Nimechukua lita 5. Nimeyachemsha yote, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela na mengineyo, na malai nzuri hailipi homa ya miezi. Yalipopanda nikapunguza moto, yakatokota taratibu dakika kama 15, nikaepua, nikayaacha yapoe yenyewe bila kuyakoroga, halafu friji.

Hii baridi ya Julai tunayoilalamikia imenifaa. Asubuhi ya Jumapili (naandika kesho yake, msinihukumu) utando ulikuwa umelala juu, wa manjano kidogo, mnene wa kukunjwa. Nimeukusanya kwa kijiko, pamoja na ule ulaini mzito uliokuwa chini yake: kikombe kimoja cha chai na vijiko vitatu. Maziwa yaliyobaki yamekwenda kwenye chai, mengine nimeyafanya mtindi, hakuna kilichopotea.

Malai ya hivi ina madonge. Uma na maziwa vijiko viwili, piga dakika moja, inalainika.

Jumapili, 20 Julai

Vichwa na mifupa vimepata kazi! Nimevichemsha na kitunguu na mbegu chache za pilipili manga, dakika 20 tu, nikachuja: glasi mbili za supu nyepesi. Nikakaanga kitunguu kilichokatwa vidogo sana na punje mbili za swaumu ndani ya siagi, nikatia glasi moja ya supu, nikaiacha ipungue mpaka nusu. Malai nusu kikombe. Moto mdogo.

Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nilipotia ndimu. Safari hii haikukatika kama yale maziwa ya kwanza, iliota chembe tu, kama mtindi uliokorogwa vibaya. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akasema mafuta mengi ndiyo yanayoilinda malai, lakini mimi nimechota utando, na utando si mafuta matupu, una ile nyama ya maziwa inayoganda ikiona uchachu na moto kwa pamoja. Dawa zake zilikuwa mbili. Kwanza unga wa ngano kijiko kimoja cha chai, ukaangwe kwenye siagi na vitunguu kabla ya supu, wanga unaingia katikati na kuzuia chembe zisishikane. Pili, ndimu itiwe jiko likiwa limezimwa.

Akarudia yeye mwenyewe na malai iliyobaki. Ukatoka mchuzi laini, unaoshika mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole njia inabaki wazi. Nimeandika hapa kwamba ni wa kwake. Aliniangalia mpaka nikaandika.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ya makosa mengi, ngoja niyaweke yote.

Hotelini mchuzi ulikuwa na kauchachu ka divai. Nikasema, kwa nini divai na mimi ni Mchaga? Nikanunua mbege glasi moja. Frampeni ikiwa bado ya moto, imetoka tu kukaanga perege, nikaimwagia mbege ili ukoko wa chini uachie. Uliachia kweli, na harufu ya kwanza ilikuwa nzuri, ndizi na ulezi. Nikaiacha ipungue. Hapo ndipo nilipokumbuka msesewe. Lile gome ndilo linaloipa mbege uchungu wake, na ukichemsha glasi nzima ikabaki vijiko vitatu, uchungu wote unabaki kwenye hivyo vijiko. Malai ilipoingia ikakatika juu yake. Ladha yake ilikuwa kama dawa ya minyoo iliyochanganywa na siagi.

Kosa la pili sikulitegemea. Jaribio lililofuata nilitumia divai nyeupe ya Dodoma, nusu glasi, na mchuzi wote nikaupikia humo humo kwenye frampeni. Haukukatika, lakini ukageuka kijivu na ladha ya msumari. Divai na ndimu zimekula makoti yangu, zikafika kwenye chuma. Fundi rangi nimemwagia asidi kazi yangu mwenyewe iliyomaliza wiki mbili. Tangu leo: divai inaingia, unakwangua ukoko kwa mwiko haraka, nusu dakika, unaumwaga wote kwenye sufuria ndogo na kazi inaendelea huko. Frampeni inaoshwa, inakaushwa motoni, inapata koti jepesi.

Jioni akaja jirani yetu, Bi Mkubwa, mzaliwa wa Pangani. Nilimwamkia, akaitikia huku pua yake iko jikoni tayari.

"Unampika samaki na maziwa, mwanangu? Utaota mabaka."

"Bi Mkubwa, nimekula mwezi mzima na sijaona baka."

"Hujavua shati." Akacheka, lakini hakula. Kwao samaki na maziwa havikai tumbo moja, na tui lipo, sasa ng'ombe anatafuta nini baharini? Akarudi kwake, akaja na nazi, akaikuna mwenyewe kwenye mbuzi, akanikamulia tui zito. Perege niliyembakiza tukamwekea hilo: kitunguu, swaumu, tangawizi kidogo, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na ndimu. Tui halikukatika kwa ndimu. Linataka tu lisichemshwe kwa fujo, ukorogaji wa upande mmoja, moto wa upole.

Lazima niseme ukweli hata kama unaharibu mradi. Kwa perege, tui limeishinda malai. Kale katope kaliko­baki kanafunikwa na nazi, malai inakaacha wazi. Nimekaa na hilo jibu vibaya, maana nazi haishuki kutoka Kibosho, na mama hatakuja kwangu kula chakula cha Pangani.

Kwa hiyo ninabadilisha samaki.

Jumapili, 3 Agosti

Sangara. Minofu yake inafika hapa kwenye barafu kutoka Mwanza, zaidi ya kilomita 800 za barabara, na ndiyo kasoro yake. Wiki hii nimenunua mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ni wa jana, hajagandishwa. Nilipomtia chumvi alitoa maji kama nguo iliyotoka kwenye beseni, maana yake aligandishwa, akayeyushwa, na nyuzi zimeshapasuka. Hakuna kisu cha kukwangua kinachoweza kumsaidia. Mara ya pili nilisema bora nimnunue akiwa jiwe la barafu kabisa, nikamyeyusha mwenyewe ndani ya friji kuanzia jana usiku, juu ya ungo ili maji yadondoke chini. Huyo alikauka vizuri.

Bwana huyu si mwenyeji wa Ziwa Victoria hata kidogo, alipandikizwa miaka ya 1950, akawala wenyeji, akawa tajiri. Mnofu wake ni mnene na una mafuta, hauna ladha ya tope, na hauna fujo za miiba. Mara nyingi unauzwa bila ngozi, jambo lililonisikitisha kwa sababu ya yote niliyojifunza kuhusu ngozi. Muuzaji wa pili alinitafutia vipande viwili vyenye ngozi upande wa tumbo. Kwa visivyo na ngozi, unga kidogo sana, unapaka na kukung'uta kama poda ya mtoto, unatoa ganda jembamba la kahawia.

Kipande cha unene wa sentimita 2 na nusu: dakika 4 upande wa kwanza bila kugusa, siagi kijiko kimoja inatiwa baada ya kugeuza (ikitiwa mwanzoni inaungua, yale maziwa yaliyomo ndani yake yanageuka meusi), dakika 2 zaidi huku unamwagia hiyo siagi mgongoni kwa kijiko. Ndani nimepima kwa sindano ya magunia. Unaichoma katikati, unahesabu mpaka tano, unaigusisha chini ya mdomo. Ikiwa ya moto ya kukushtua, ameiva. Ikiwa vuguvugu, bado. Nyama inatakiwa iwe nyeupe mpaka katikati na iachane vipandevipande ukisukuma kwa uma. Sipendi habari za kumwacha samaki wa maji baridi mbichi ndani. Lakini ukipitiliza anakutolea ute mweupe kandokando, kama yai, na hapo ujue umemkamua.

Mchuzi ulifuata njia ya mke wangu, pamoja na divai nusu glasi, na giligilani mwishoni. Tulikaa tukala. Hakuna aliyesema neno, na safari hii ukimya ulikuwa wa aina nyingine.

Jambo moja dogo: mchuzi usimwagwe juu ya samaki. Unatandazwa kwenye sahani, samaki analala juu yake ngozi ikiangalia dari. Hotelini waliumwaga juu, na ndiyo maana ile ngozi ya bili ilikuwa inalia upande mmoja tu.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Mama amefika saa kumi na mbili na nusu jioni, na mavumbi ya Themi, na kipeperushi cha mbegu za majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumba yako inanuka samaki."

Sikujibu. Mke wangu alikuwa amechemsha ndizi mshare, na mboga ya mnafu pembeni. Kwa siri nilikuwa na mpango: mchuzi utangulie. Nikamwekea mama ndizi na mchuzi tu. Akaonja, akatulia, akaonja tena, kisha akaniuliza malai hii ni ya maziwa ya nani. Nikamwambia ya kijana wa bodaboda.

"Ng'ombe wake anakula majani ya mgomba matupu," alisema. "Pumba hapati. Ona ilivyo nyembamba." Na kumbe kweli, malai ya leo ilikuwa pungufu kuliko ile ya Julai, nilidhani nimekosea kuchemsha.

Sangara watatu wa kwanza walitoka sawa. Wa nne, nikisikiliza mazungumzo ya mezani badala ya frampeni, nilimgeuza kabla ya wakati na ngozi ikabaki chini. Nikaibandua ikiwa imekauka sana, nikaiweka pembeni ya sahani kama kitu cha kutupwa. Mama aliichukua. Akaivunja, akasikia inavyolia, akaila yote bila kuuliza ni nini, au labda alijua. Nyama hakuigusa. Binti alipomwambia, "Bibi, umekula samaki," alijibu kwamba amekula mafuta yaliyokauka, samaki bado wako kwenye sahani, mtu ahesabu.

Tukahesabu. Walikuwa wanne.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo asubuhi Hiace ya Kibosho imeshusha gereji dumu la lita 5, limefungwa kwa jani la mgomba chini ya kifuniko. Kijana wangu ndiye aliyepokea, na konda akampa maagizo kwa mdomo: maziwa haya ni ya yule samaki, yachemshwe leo leo, na dumu lirudishwe Jumamosi likiwa safi.